Mdomo wa Kukodi

Siku tuliyokwenda Kigobe, mtaa wa wakubwa, kumposea mwanangu mke, kazi niliyopewa mimi mama yake ilikuwa moja tu: kufunga mdomo. Nami Mwanasiti, ambaye majirani wa Cibitoke husema nikikohoa tu mtaa mzima unajua nimemkasirikia nani, nilikubali. Tena nilikubali kwa furaha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Niseme kwanza mambo yenyewe yanavyokwenda. Kwetu Burundi, watu wakienda kuposa, baba hasemi, mama hasemi, wala bwana harusi mwenyewe. Familia inatoa msemaji, mtu mzima anayekijua Kirundi cha ndani, kile cha kuzunguka. Msemaji hasemi kwamba tumekuja kuoa. Anasema tumesikia kwenye boma hili kuna ndama mzuri, nasi tuna mchungaji anayetafuta pa kuchunga. Wenye nyumba wanajifanya hawaelewi, wanauliza ni ndama gani huyo, na wageni wanacheka na kupiga makofi. Saa nzima kila kitu kinaitwa kwa jina lisilo lake. Mtu asiyezoea angedhani amefika mnadani.

Kirundi changu mimi ni cha sokoni. Kinatosha kununua maharagwe na kugombana na muuza mkaa. Kile cha wazee nakisikia nusu, nusu nyingine nakisia.

Moubarak alikuja kuniandaa wiki moja kabla. Alikaa kwenye kiti cha wateja, karibu na cherehani, koti la suti yake ya kazini likiwa limekunjwa magotini ili lisishike vumbi. Alikuwa amesoma mpaka chuo kikuu, akapata kazi kwenye biro ya serikali, na huko biro walimwita Claude. Nilijua. Aliniambia ni jina la kazini, kama vile mtu anavyokuwa na viatu vya kazini, nami sikuona ubaya.

"Mama," akasema, "mzee Pontien ndiye atasema yote. We usiseme kitu. Hata wakikuuliza, cheka tu."

"Kwa nini nicheke? Mi sina ulimi?"

"Apana, mama. Unajua Kirundi chako iko na Kiswahili ndani. Na wale watu ya Kigobe, ukiwasemesha Kiswahili, wanashika mifuko yao."

Hapo hakuongopa. Katika mji huu mtu akikudhulumu unasema amekufanyia Uswahili, hata kama mababu zake hawajawahi kushuka kutoka mlimani. Mwongo ni Mswahili. Tapeli ni Mswahili. Kifaransa ni cha mwenye gari, Kirundi kizuri ni cha mwenye ukoo, na Kiswahili ni cha fundi, cha dereva, cha yaya na cha mwizi. Watu wale wale wanaosema hivyo, gari likiharibika, utawasikia wakimwita fundi kwa Kiswahili kitamu kabisa.

Lakini Moubarak, wa kukionea haya Kiswahili! Mwaka wa tisini na tano, Cibitoke ilipokuwa inawaka na watu wanakimbia na magodoro kichwani, vijana wenye mapanga walitusimamisha kwenye kizuizi. Hawakutaka majina yetu. Walitaka kujua tu wa upande gani. Massoudi, mume wangu, alikuwa ametufundisha: jibuni Kiswahili, na kwa sauti kubwa. Nikawajibu Kiswahili. Nikamvuta Moubarak kifuani, nikamfunika na mtandio wangu, nikasema ni mwanangu, sisi ni Waislamu, hatuna ugomvi na mtu. Wakamwamuru asome. Akasoma Alhamdu yote kutoka ndani ya mtandio, sauti ikitetemeka. Mkubwa wao akacheka, akasema hawa ni Waswahili tu, waacheni wapite. Massoudi hakuwa na bahati hiyo. Miezi michache baadaye risasi iliyopotea ilimkuta gereji, chini ya gari alilokuwa akilitengeneza.

Sikumkumbusha Moubarak mambo hayo. Nilikubali kunyamaza. Nikamuuliza tu kama nikodi imvutano, yale mavazi ya heshima ya kujifunga begani ambayo wanawake wanavaa kwenye shughuli za namna hii.

"Apana, mama. We vaa kama siku zote. Kanga yako na mtandio. Inatosha."

Nusura nilie. Nilijisemea, kumbe mtoto hanionei haya. Jioni ile nilizunguka kwa majirani kuwatangazia kwamba mwanangu ametaka mama yake aingie Kigobe kama alivyo. Walitaka kujua kwa nini hawakualikwa. Nikawaambia Moubarak amesema tuwe wachache kwa sababu ya usalama, nao wakaelewa, kwani usalama wakati ule ulikuwa sababu ya kila kitu.

Tuliondoka mchana ili tuwahi kurudi kabla ya saa ya kuzuiwa kutembea. Ndani ya minibasi tulikuwa wachache kweli: Moubarak, wenzake wa biro, mzee Pontien na mimi. Pontien ni mwalimu mstaafu, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Watoto wake wote nimewashonea mimi nguo za kipaimara. Alikuwepo pia mwanamke mmoja, Consolate, aliyevaa imvutano ya rangi ya dhahabu na mkufu mzito. Sikuwahi kumwona. Nilipouliza, Moubarak akasema ni mtu wa protokole, anamsaidia mzee.

Njiani tulipiga soga kwa Kiswahili, tukataniana, Pontien akanitisha kwamba nikifungua mdomo mahari itapanda. Tulipoingia kwenye lami ya Kigobe, penye kuta ndefu na walinzi mlangoni, soga ikakatika. Pontien akakohoa, na naapa hata kule kukohoa alikohoa kwa Kirundi. Kutoka hapo hakuna aliyenisemesha tena.

Uani kwa wenyewe walikuwa wametandika turubai kubwa. Honoré, baba wa msichana, ni mkubwa fulani serikalini, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Mabinti wa mapokezi walimpeleka Consolate kiti cha mbele, pembeni ya Moubarak. Mimi wakanipeleka nyuma, kwenye nguzo ya turubai. Nikajiambia ni protokole.

Pontien akasimama. Jamani, mtu yule anajua kusema. Alianza na salamu, akapita kwenye malisho, akamfikia ndama, wakamkatalia, akaomba tena, wakamkatalia kwa utani, watu wakawa wanajipigapiga mapaja. Nami nilicheka kama nilivyoagizwa, nikichelewa kidogo, baada ya wengine. Kisha akashusha sauti. Akasema mchungaji huyu mnayemwona alianza kuchunga peke yake mapema. Akasema mwaka ule wa msiba moto ulizimika kwao, na leo wangekuwepo wenyewe, yeye Pontien asingesimama hapa.

Wote wakainamisha vichwa. Nikamkumbuka Massoudi. Tangu tumzike hakuna mtu aliyemtaja hadharani, na sasa hapa, mbele ya wakubwa, anaombolezwa na watu waliovaa vizuri. Machozi yakanitoka. Nikasema inna lillahi kwa sauti ndogo, na mama mmoja aliyekaa karibu akanishika bega.

Pontien akaendelea. Akasema mvua ya mawe ilipokuwa inanyesha, kulikuwa na mama mmoja wa Cibitoke aliyemfunika mtoto kwa nguo yake mwenyewe, na mama huyo tumekuja naye. Akaninyooshea mkono. Watu wakanipigia makofi mengi sana. Nikaelewa anasema kile kizuizi na ule mtandio. Nikasimama, nikainama, nikakaa, nikiwa nimejaa fahari mpaka kooni. Kama mchumba ni ndama na mwanangu ni mchungaji, kwa nini mimi nisiwe mama mmoja wa Cibitoke?

Halafu akamtambulisha Consolate kuwa shangazi wa kijana, dada wa baba yake, anayesimama kwa niaba ya ukoo. Hapo nilishtuka kidogo. Massoudi hakuwa na dada. Lakini nikajisemea kwamba leo kila kitu kina jina lisilo lake, na mimi Kirundi hiki sikijui, nisije nikawaaibisha. Nikanyamaza. Honoré akakubali, vigelegele vikapigwa, na Mélissa, ndama mwenyewe, akatolewa ndani akiwa amefunikwa kichwa, msichana mzuri mwenye macho ya aibu. Nilimpenda palepale.

Wakati wa chakula, mama yake Mélissa, Scholastique, alikuja mpaka kwenye nguzo yangu. Akanishika mikono yote miwili, akaniongoza nyuma ya nyumba, karibu na jiko, ambako hapakuwa na makelele. Akanisemesha Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kumsemesha mpishi, lakini alikisema kwa upole wote aliokuwa nao.

"Mama, mi nataka nikushukuru mwenyewe, tuko wawili tu. Mungu akubariki kwa kumuficha huyu mutoto."

"Nani asiyemuficha mwanawe?" nikasema. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, lakini hapa alinisemesha kwa lugha yangu.

Akatabasamu. "Ndiyo, ulimulea kama wako. Claude alituambia yote. Vile walikuja usiku kule mulimani, vile baba yake na mama yake waliuawa, vile alikimbia mpaka kwako, na wewe ukamupa jina la Kiislamu, Moubarak, ili wasimujue. Anasema mama yake alikuwa mwalimu. Ungemujua, mungesikilizana."

Nilimtazama mdomo. Hapakuwa na ndama pale, wala mvua ya mawe. Yalikuwa maneno ya kawaida, kila moja na maana yake.

"Watoto wao wakizaliwa," akaendelea, "mi nitamwambia Mélissa akuchukue wewe. Yaya mwingine wa nini? Mutu amelea baba yao, si atalea na wao?" Akanikumbatia, akarudi kwa wageni wake.

 Kumbe yale makofi! Kumbe yale machozi! Nilikuwa nimekaa pale nyuma nikijililia mimi mwenyewe, najisomea inna lillahi, na mtu wa pembeni ananipa pole. Na kile kiti cha mbele kilikuwa changu. Na ile kanga, nikavaa "kama siku zote" ili kila mtu akinitazama asiwe na shaka kwamba mimi ni nani. Nilizunguka mtaa mzima kuringia ile kanga.

Pontien alikuwa anatoka msalani, anafunga mkanda. Nikamzibia njia.

"Mzee Pontien. Umeniua saa ngapi?"

Hakujifanya haelewi. Kirundi chote kilimtoka. "Mwanasiti, we! Mi nilisema vile nilipewa kusema. Mudomo ni yangu, maneno ni ya mutoto wako. Nilifikiria amekuambia."

"Ulifikiria ameniambia, na mimi nikakubali kufa?"

 Nikamwacha na mkanda wake.

Moubarak nilimkuta kwenye tangi la maji. Nadhani alituona na Scholastique, akajua. Alikuwa ameloa jasho shingoni, suti na yote.

"Mama, ngoja nikuelezee."

"Mama yupi? Yule mwalimu?"

"Ilianza kidogo tu, mama. Siku ya kwanza mzee Honoré aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Cibitoke. Akanyamaza, vile wananyamaza. Nikaongeza kwamba tulikimbilia tu pale. Akauliza familia iko wapi, nikasema hawako tena. Mi nilikuwa nasema baba tu. Halafu Mélissa akalia, akanishika mukono, na nikashindwa kurudi nyuma."

"Ukashindwa, ukaenda kukodi shangazi."

"Hawangenipa huyu binti, mama! Mutoto wa fundi wa cherehani, Mswahili? Unawajua. Ku nyumba hakuna kitu kitabadilika. Ku nyumba we utabaki mama yangu."

"Na hapa?"

Kijana mmoja wa nyumba ile alikuwa anapita na kreti ya bia. Moubarak akamwona. Akanyoosha mgongo, akanijibu kwa Kifaransa, sentensi ndefu, taratibu, na tabasamu la adabu. Mwanangu anajua fika kwamba Kifaransa sikijui. Sijui hata leo alisema nini. Kisha akaniinamia kidogo, kama mtu anavyomwinamia mama wa watu, akarudi kwenye turubai.

Ningeweza kuondoka. Lango lilikuwa wazi. Lakini hasira ilinirudisha kwenye kiti changu cha nyuma, na nitasema ukweli, haikuwa hasira peke yake. Nilimwambia Mungu: mpe mtoto huyu nafasi moja, ya pili sitaiomba.

Jua lilikuwa linateremka, watu wanatazama saa. Kutoka upande wa milima iliyo juu ya Gasenyi ilisikika milio miwili mitatu ya risasi kwa mbali, na hakuna aliyegeuza kichwa. Wakaleta agashinguracumu, kinywaji cha mwisho cha kumsindikiza mgeni. Pontien aliomba njia ya kurudi kwa maneno machache kuliko desturi. Honoré akasimama na glasi yake. Alishukuru kwa Kirundi, akashukuru kwa Kifaransa, kisha akanitafuta kwa macho mpaka akaniona kwenye nguzo.

"Kuna mutu mumoja hajasema," akasema kwa Kiswahili, na watu wakacheka kwa mshangao, maana hawakuzoea kumsikia mkubwa akikisema hadharani. "Mama wa Cibitoke. Huyu kijana hana mama wa kumubariki leo. Mama, simama badala yake. Sema Kiswahili chako, tunakisikia sisi wote."

Moubarak aligeuka. Sijawahi kuona mtu akiogopa kiasi kile, hata kwenye kile kizuizi hakuogopa hivyo. Hapo nilijua kwamba neno moja tu langu linatosha. Neno moja na hakuna harusi, hakuna Claude, na yule msichana ataingia ndani akilia bila kosa lolote. Nilisimama, nikatengeneza mtandio wangu.

"Mi si mutu wa maneno ya kuzunguka," nikasema. "Mutanisamehe. Bwana ameniambia nisimame badala ya mama ya huyu kijana. Mama yake, mi namujua vizuri. Najua vile alimuzaa, kwa shida, siku mbili. Najua vile alimunyonyesha. Najua alikuwa anashona mpaka vidole vinatoka damu ili yeye asome Kifaransa."

 Scholastique alikuwa anajipangusa macho. Consolate alitazama mkufu wake.

"Basi kabla sijabariki, nauliza. Kama kuna mutu hapa anajua yule mama iko wapi leo, aseme. Aseme tu, hata neno moja. Mi nitakaa chini, nimwachie."

Nikangoja. Nilikuwa namtazama yeye tu. Mwanangu, nikasema moyoni, sikuombi Kirundi kizuri wala Kifaransa. Sema hata kwa kidole. Sema "ni huyu" na mimi nitakubeba mbele ya watu hawa wote, nitawapigia magoti, nitawaambia ni kosa langu, nitaongopa mimi badala yako, lugha zote tatu.

Moubarak alikuwa anaitazama glasi yake. Mélissa alimwona alivyoinama, akadhani ni uchungu wa yatima, akamshika mkono. Naye akauacha mkono wake ushikwe.

"Basi," nikasema. "Hakuna anayejua. Mi ndiye najua. Alikufa. Nilikuwepo, niliona na macho yangu. Mungu awape watoto."

Wakasema amina, wote, kwa sauti moja. Nikamtazama kwa mara ya mwisho kabla sijakaa. Macho yalikuwa yamefumbwa, mabega yameshuka, na Claude alikuwa anashusha pumzi.